Kukaa Chini Si Kufunika Kombe: Mwongozo wa Suluhu kwa Watu wa Kazi wa Goba

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa Goba, Dar es Salaam, wanaokula kwa kazi ya siku: bodaboda wa Goba Njia Nne, mama lishe, mafundi na saidia fundi, wauza genge, walinzi, dada wa kazi, na wale wanaowaajiri. Unahusu namna ya kumaliza madhara yaliyotokea kati ya mtu na mtu bila kupigana, bila kupotezeana siku za kazi, na bila kumwacha aliyeumia abaki na maumivu yake mwenyewe.

Wataalamu huiita haki rejeshi. Mahakama ya jinai huanza na kosa: sheria ipi imevunjwa na adhabu yake ni nini. Haki rejeshi huanza na aliyeumia: amepoteza nini, anahitaji nini ili asimame tena, na nani anapaswa kulifanya hilo. Aliyekosa hakai kimya akisubiri hukumu. Anatakiwa asikilize kwa masikio yake alichosababisha, akiri, alipe au atengeneze.

Jambo hili lina msingi katika sheria zetu za Tanzania. Ibara ya 107A ya Katiba, iliyoingizwa na mabadiliko ya mwaka 2000, inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa walioathiriwa na makosa ya wengine, na zikuze usuluhishi kati ya wenye migogoro. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya 1985 imeyapa mabaraza hayo kazi ya kwanza ya kutunza amani kwa kupatanisha. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa wapitie baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Hata kesi ya shambulio la kawaida ikiwa tayari iko mezani, hakimu anaruhusiwa kuhimiza wahusika wapatane, pamoja na kulipana fidia, kama haoni kwamba maslahi ya umma yanadai adhabu.

Kinachokosekana ni mazoea mazuri. Hapa mtaani tumezoea njia mbili. Ya kwanza ni hasira: kelele za "mwizi!", mawe, na habari ya gazetini inayosema wananchi wenye hasira kali. Ya pili ni kuyamaliza. Wazee wawili wanaitwa, aliyeumia anaambiwa yaliyopita si ndwele, wote wanapeana mikono, anatolewa mtu soda, na kila mmoja anarudi kwake na kinyongo kilekile. Njia ya kwanza ni jinai. Ya pili ni kufunika kombe, na watu wengi wanadhani ndiyo suluhu. Mwongozo huu umeandikwa zaidi kwa sababu ya hii ya pili.

Mfano wa ukuta na maji

Tuchukue mfano ambao mkazi yeyote wa Goba ataufahamu. Kata yetu ni ya vilima na makorongo. Mashamba ya mikorosho na minazi yamekatwa kuwa viwanja, mengi kabla ya kupimwa, na maji ya mvua yaliyokuwa na njia zake sasa yanakutana na kuta. Wazee waliokuwa wakisema "mpaka ni mnazi ule" wengine wamefariki, na mnazi wenyewe umekatwa.

Mama lishe anapika chini ya mteremko, katika kibanda cha mabati kando ya chumba alichopanga. Juu yake mwenye kiwanja anajenga ukuta. Fundi ameacha tundu chini ya ukuta ili maji yasisukume tofali, na tundu limeelekea kibandani. Mvua ya kwanza ya masika ikapiga usiku. Asubuhi mfuko wa sembe wa kilo 25 umelowa, gunia la mkaa limekuwa tope, na jiko limejaa mchanga. Kijana wa yule mama, dereva wa bodaboda, akapanda juu, akamkuta fundi, na kabla ya salamu akamzaba kofi. Fundi akaangukia kokoto na kuchanika kiwiko. Kufikia saa nne mwenye ukuta yuko njiani kwenda polisi, na mama hajapika.

Shauri hili likienda kama lilivyo, kitakachosikilizwa ni kofi. Kijana anaweza kutiwa hatiani, na pengine ndivyo anavyostahili. Lakini tundu litabaki palepale, na mvua ya pili italeta mchanga uleule. Mama ataongeza gharama ya kumfuata mwanawe mahakamani. Fundi ataitwa kutoa ushahidi na kupoteza siku za kazi ambazo hakuna atakayemlipa. Waliochangia madhara ni watatu, na walioumia ni wawili au watatu kutegemea unahesabu kutoka wapi. Jambo la namna hii ndilo linalofaa kuletwa kwenye kikao.

Yasiyoletwa kikaoni

Kabla ya kuita watu, jiulize kama jambo lenyewe linaruhusiwa kusuluhishwa. Ubakaji, ulawiti, kumdhalilisha mtoto kwa namna yoyote, ukeketaji, kipigo kikali au cha kujirudia ndani ya nyumba, silaha, na kifo: haya hayana kikao cha mtaa. Yanakwenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitalini siku hiyohiyo. Kosa la kubaka lina kifungo kisichopungua miaka 30, na familia zinazokaa usiku kupanga kiasi cha fedha ili mtoto wa kike anyamaze hazifanyi suluhu. Zinamuumiza mtoto mara ya pili, na zinajiingiza zenyewe kwenye jinai. Msuluhishi akiletewa shauri kama hili, wajibu wake ni mmoja: asimame na ampeleke aliyeumia panapostahili. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu neno "suluhu" limetumika mno kuwafunga midomo wanawake na watoto.

Wizi nao unahitaji uangalifu. Kupokea fedha kwa makubaliano ya kulificha kosa kubwa au kuacha kumshtaki aliyelitenda ni kosa lenyewe. Kama umeibiwa na aliyeiba anataka kurudisha, pokea mali yako mbele ya mashahidi na iandikwe, ila usiahidi kunyamaza. Kama kesi imefikishwa mahakamani, mweleze hakimu kwamba umerudishiwa. Mahakama ina nafasi ya kulizingatia hilo. Hata pale panapostahili kifungo kisichozidi miaka mitatu, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inamruhusu hakimu kumpa mkosaji kazi ya manufaa ya umma badala ya kumpeleka gerezani.

Yanayobaki ni mengi, na ndiyo yanayotunyima usingizi: matusi na kofi la hasira, ajali ndogo ya bodaboda, kioo kilichovunjwa na mtoto, deni la kikoba, fundi aliyechukua malipo ya awali na kutoonekana, kelele, takataka, maji, mpaka, na njia iliyozibwa.

Nani akae katikati

Sheria ya mabaraza ya ardhi inasema Baraza la Kata linapopatanisha likae na wajumbe watatu, na angalau mmoja awe mwanamke. Kigezo hicho kitumieni hata kwenye kikao chenu kisicho rasmi, maana kina akili. Mtu mmoja hushawishika, wawili huvutana, na baraza la wanaume watupu huwa halisikii nusu ya kinachosemwa na mama lishe.

Msuluhishi asiwe mwenye nyumba wa mmoja wao, wala bosi, wala anayemdai, wala ndugu. Awe mtu anayeweza kukaa kimya. Hili la mwisho ni gumu kwa wazee wetu wengi, ambao wakipewa kiti hutoa mawaidha ya saa nzima kabla hawajasikia lolote. Goba ina watu wa kila mkoa, kwa hiyo usitegemee kwamba wote watamheshimu mzee wa kabila lako. Kila upande utaje mtu mmoja unayemwamini, halafu wawili hao wamtafute wa tatu. Anaweza kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, kiongozi wa jumuiya ndogondogo, mwalimu wa madrasa, msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, au mwenyekiti wa kijiwe. Balozi wa nyumba kumi naye anafaa kama pande zote mbili zinamkubali. Akumbuke tu kwamba yuko pale kama jirani, maana nafasi yake ni ya chama.

Kabla ya siku ya kikao wasuluhishi wamsikilize kila mmoja peke yake. Wamuulize kama anakuja kwa hiari. Anayekuja kwa kuogopa kufukuzwa chumba au kazi hajakubali. Kama pande hazina nguvu sawa, mathalani dada wa kazi na mama mwenye nyumba, mwenye nguvu ndogo aje na mtu wake, na kikao kisifanyike sebuleni kwa tajiri.

Saa nazo zinahusu haki. Mama lishe hawezi saa sita mchana, bodaboda hawezi asubuhi watu wanapowahi kazini, na fundi hulipwa kwa siku. Saa kumi jioni au Jumapili alasiri hufaa wengi. Kaeni kwenye viti vya aina moja, chini ya mti au ofisi ya mtaa kama inapatikana, na si baa. Simu ziwekwe chini. Kurekodi video ya mtu akiomba radhi na kuisambaza kwenye makundi ni kumdhalilisha, na kunaharibu kila kitu kilichojengwa.

Mpangilio wa maneno

Aliyeumia huanza. Kanuni hii ndiyo inayovunjwa mara nyingi kuliko zote, kwa sababu aliyekosa huwa na haraka ya kujieleza na wazee huwa na haraka ya kumaliza. Mwulizeni maswali mafupi. Ilikuwaje? Umepoteza nini? Nini kinakuuma zaidi? Kifanyike nini ili uone pametengenezwa?

Kwenye mfano wetu, mama ataanza na hesabu: sembe, mkaa, siku tatu bila kupika, wateja waliohamia kwa mwenzake. Iandikwe yote, kitu kimoja kimoja na bei yake. Halafu lije swali la tatu, na hapo mara nyingi ndipo kikao hugeuka. "Nilimwambia wakati tundu linaachwa. Akanijibu kama sipendi nihame, mimi mpangaji tu." Hapo mwenye ukuta anasikia kitu ambacho hati ya mashtaka isingemwambia. Alidhani anadaiwa sembe.

Baada ya mama azungumze fundi, kwa maana naye ameumizwa, tena mbele ya vijana aliokuwa akiwafundisha kazi. Kisha mwenye ukuta, kisha kijana. Asikatishwe mtu. Anayesema uongo ajibiwe na mwenzake zamu ikimfikia. Kama kuna mtani kati ya waliohudhuria, msimzuie akilegeza hewa kidogo. Utani umetusaidia tangu zamani kusema yaliyo mazito hata msibani. Msuluhishi ahakikishe tu kwamba mzaha haumgeuki aliyeumia.

Sasa radhi. Lugha yetu ina njia nyingi za kuomba radhi bila kuomba. "Kama kuna mahali nimekukosea, nisamehe." "Tusameheane." "Sisi ni binadamu." "Shetani alipita." Zote hizi zinakwepa kutaja kitendo. Msuluhishi asizipokee. Aseme kwa upole, "Ndugu yangu, taja ulichofanya." Radhi inayotimia ina kitendo na mtendaji: "Nilimwambia fundi aache tundu lielekee kwako. Ulinionya. Nikakujibu vibaya. Nimekukosea." Ikishasemwa hivyo, watu wote waliopo hukaa tofauti.

Aliyeombwa radhi halazimiki kusamehe palepale. Msimshike mkono kwa nguvu, msimwambie Mungu anataka. Anaweza kupokea fidia leo na msamaha ukaja mwakani, au usije kabisa. Suluhu inadai kilichoharibika kitengenezwe, na moyo una ratiba yake.

Hati ya makubaliano

Andikeni kwa Kiswahili kinachosomeka. Majina, tarehe, kilichotokea kwa sentensi tatu nne, nani atafanya nini, lini, kwa kiasi gani. Maneno kama "ataangalia namna ya kurekebisha" hayafai. Andikeni: atajenga mtaro wa zege kutoka kwenye tundu hadi mfereji wa barabara, kazi iishe kabla ya tarehe fulani. Atalipa gharama ya sembe, mkaa na siku tatu kwa awamu mbili, kupitia simu ili kumbukumbu ibaki. Kijana atalipa matibabu ya fundi na siku zake mbili za kazi, na ataomba radhi palepale kwenye eneo la ujenzi, kwa kuwa ndipo alipomdhalilisha. Hilo la mwisho liingie tu kama kijana amelikubali mwenyewe.

Malipo yapimwe na mfuko wa anayelipa. Bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila siku hawezi kulipa kwa mkupuo, na akiahidi hivyo kwa aibu ya kikao atashindwa wiki ya pili. Awamu ndogo inayolipwa ni bora.

Hati isomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa, na asiyejua kusoma aelezwe kisha aweke dole gumba. Zitoke nakala tatu: kila upande yake, na moja kwa wasuluhishi. Mkitaka iwe na nguvu zaidi, mtendaji wa mtaa ashuhudie na kugonga mhuri. Hakuna viboko, hakuna faini ya wazee, hakuna "hela ya kikao" inayoingia mifukoni. Siku msuluhishi atakapopokea fedha, hata ya soda, upande mwingine utajua.

Rwanda ilituonyesha uzuri na hatari ya haki ya barazani. Mahakama za gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002 na kufungwa Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni mbili zilizotokana na mauaji ya kimbari ya 1994. Wako waliojua hapo ndugu zao walizikwa wapi. Yakaja pia malalamiko ya mashahidi kutishwa na washtakiwa kukosa mawakili. Uzito wa mambo yao haulinganishwi na ukuta wa Goba. Ila somo linatufaa: kikao cha jamii kinaweza kumpa aliyeumia nafasi ambayo mahakama haimpi, na kinaweza kumkandamiza mnyonge kama hakuna mlango mwingine uliobaki wazi. Kwa sababu hiyo hati yenu isimkataze mtu kwenda mahakamani.

Pale kikao kinapokutana na sheria

Kama ni ardhi, jueni kwamba mambo yalibadilika mwaka 2021. Baraza la Kata halitoi tena uamuzi wa nani mwenye kiwanja. Linapatanisha. Likishindwa linatoa cheti kuthibitisha hivyo, nanyi mnaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila kupatanishwa, unaweza kwenda huko bila cheti. Bado wapo wanaoshika karatasi ya kata wakidhani ni hukumu.

Mambo ya ndoa na mirathi yakishindikana nyumbani na barazani, mahakama ndiyo mwisho wake. Temeke kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia masuala ya familia.

Kuhusu ajira, shikeni hesabu ya siku. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufikisha lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa madai mengine ya kazi ni siku 60. Siku hizo hazisimami kwa sababu bosi amesema "subiri tuyaongee". Nimeona watu waungwana wakisubiri mazungumzo hadi wakapitwa na muda. Jaza fomu ya Tume mapema, kisha kaeni mzungumze. Tume nayo itaanza kwa kuwasuluhisha.

Mtoto aliyekosa, kwa mfano kuvunja kioo cha gari au kupigana, aje na mzazi au mlezi. New Zealand iliweka vikao vya familia ndani ya sheria ya watoto mwaka 1989, ikichota desturi za Wamaori, ambapo mtoto hukaa na ukoo wake kusikia alichofanya. Sisi tunao mashangazi na wajomba. Mtoto asichapwe kikaoni na asiitwe mwizi. Apewe kazi ya kutengeneza inayolingana na umri wake, na mtu mzima wa kumsimamia.

Baada ya kikao

Suluhu nyingi hufa kwa kukosa mtu wa kurudi kuangalia. Mchagueni mmoja kati ya wasuluhishi, mwandikeni jina kwenye hati, na mpange siku mbili: ya kwanza wiki mbili baadaye, ya pili siku ambayo ahadi ya mwisho inapaswa kuwa imetimia. Siku hizo aende mwenyewe, asipige simu. Akikuta ahadi haijatekelezwa aulize sababu. Fundi aliyekosa saruji akihitaji wiki moja zaidi, iandikwe na wote wasaini. Aliyebadili nia aambiwe waziwazi kwamba kikao kimefika mwisho na mwenzake ana haki ya kwenda Mahakama ya Mwanzo na hati hiyo mkononi.

Kwa shauri la maji, siku ya pili isipangwe kwa kalenda. Andikeni hivi: "siku mvua kubwa itakaponyesha". Mvua ikianza, msuluhishi achukue mwamvuli, apande hadi kwenye ukuta, asimame juu ya mtaro na mwenye ukuta na mama lishe, na watatu hao wayatazame maji yanakoelekea.